UVUMILIVU SI KUFICHA MAUMIVU

Katika nchi yetu uvumilivu ni fadhila inayosifiwa na watu wote. Mzee husifiwa kwa uvumilivu, mama husifiwa kwa uvumilivu, na hata mtoto asiyelia anapodungwa sindano hupewa pongezi mbele ya wenzake. Nasi hatutaki kuipunguza sifa hiyo, maana bila uvumilivu hakuna ndoa idumuo, wala shamba livunwalo. Lakini kila fadhila ina kivuli chake, na mtu asipoangalia aweza kukikumbatia kivuli akidhani amekamata kitu chenyewe. Ubahili hujiita uangalifu wa mali. Woga hujiita busara. Na kuficha maumivu hujiita uvumilivu. Juma hili twapenda kuwaalika wasomaji wetu walipime jambo hili la mwisho mahali linapoonekana wazi kuliko pengine, yaani kitandani pa mtu aliyepasuliwa matumbo.

Pengine msomaji atauliza: Kwa nini matumbo? Kwanza, kwa sababu si jambo la nadra. Homa ya matumbo ikikaa mwilini majuma mawili au matatu bila dawa iliyo sawa yaweza kuutoboa utumbo; utumbo mpana waweza kujisokota kama kamba; ngiri yaweza kubana; kidole tumbo chaweza kupasuka; na saratani nayo ipo. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 104 waliopasuliwa kwa sababu homa ya matumbo ilikuwa imewatoboa utumbo, na wengi wao walikuwa vijana. Pili, kwa sababu tumbo ni sehemu ya mwili ambayo adabu imeifunika. Mtu aliyevunjika mguu huonyesha bandeji yake kwa kila ajaye kumtazama. Aliyekatwa utumbo hana la kuonyesha, na mambo yampatayo ni yale ambayo tangu utotoni alifundishwa asiyataje mbele za watu.

Tuchukue mfano wa baba wa Songwa, katika Wilaya ya Kishapu, jirani na machimbo ya almasi ya Mwadui yaliyoanza mwaka 1940. Tuseme ni mkulima wa pamba na mtama, mwenye ng'ombe wachache, na vijana wake hutafuta riziki machimboni. Tumbo linamshika usiku. Anapelekwa Kolandoto, kwenye hospitali iliyoanzishwa na wamisioni mwaka 1913, au hospitali ya mkoa ya Shinyanga, au, mambo yakizidi, Bugando, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwake. Anapasuliwa na kupona hatari ya kwanza. Asubuhi anaamka ana mpira puani, mpira wa mkojo, maji ya dripu mkononi, na mshono mrefu katikati ya tumbo. Jamaa wanaingia na kumsalimu kwa Kisukuma, naye anajibu kama alivyojibu maisha yake yote: "Mhola duhu." Ni amani tu.

Jibu hilo ni zuri. Si uongo, maana katika desturi zetu salamu hutangulia habari. Hata katika Kiswahili mtu husema kwanza "Sijambo," kisha huongeza, "isipokuwa tumbo lanisumbua." Wazee waliotuachia desturi hiyo walikuwa na hekima: waliweka amani mbele, wakaacha mlango wazi wa kusema kweli nyuma yake. Taabu huanza mgonjwa anapoishia kwenye nusu ya kwanza. Daktari anapita asubuhi na kuuliza, naye anamjibu kama anavyowajibu wageni. Hapo salamu imegeuka pazia, na nyuma ya pazia hilo mtu aweza kufa.

Sisi twaona kwamba maumivu ya mtu aliyepasuliwa matumbo si ya namna moja, wala hayadai fadhila ya namna moja. Yako ya kuvumilia, yako ya kutulizwa, na yako ya kutangazwa. Uvumilivu wa kweli ni kuyatambua na kuyapa kila moja haki yake.

Tuanze na yale ya kuvumilia. Utumbo ukishikwashikwa na mkono wa mpasuaji hulala. Utumbo mwembamba huamka mapema, mara nyingi katika siku ya kwanza. Tumbo la chakula hufuata. Utumbo mpana huchelewa, mara nyingi hata siku ya 3 au zaidi. Katika siku hizo za kungoja tumbo hujaa upepo, hunguruma, hukaza, na mgonjwa huhisi kama ngoma iliyowambwa. Daktari aweza kumzuia kula kwa muda, au kumruhusu uji mwepesi mapema, kwa maana siku hizi imeonekana kwamba wagonjwa wengi hawahitaji kufunga muda mrefu kama zamani. Neno la kushika hapo ni la daktari anayemtibu, wala si la jirani aliyeleta chupa ya maziwa kwa huruma.

Tena mgonjwa huamriwa kuamka. Siku ya kwanza au ya pili mwuguzi humwambia aketi, asimame, apige hatua. Jamaa wengi hukasirika. Husema, "Mtu amepasuliwa jana, leo mwamtembeza?" Lakini huo si ukatili. Mtu alalaye tu damu yaweza kuganda miguuni mwake, mapafu yake yaweza kushikwa na kichomi, na misuli yake hudhoofika haraka. Kadhalika huambiwa avute pumzi ndefu na kukohoa, naye akishika mto au nguo iliyokunjwa juu ya mshono, kikohozi humwuma kidogo zaidi. Uchungu wa kuamka na wa kukohoa una faida. Kila hatua ni malipo ya deni la afya. Mgonjwa akisema, "Niacheni, nami ninavumilia hapa hapa kitandani," anavumilia jambo lisilotakiwa na kulikwepa litakiwalo. Hapo ndipo methali ya subira huvuta heri inapohitaji kuelezwa vema: subira inayovuta heri ni ile inayotembea.

Sasa tuje kwa yale ya kutulizwa. Maumivu ya kidonda chenyewe, mtu akiachwa nayo bila dawa, hayamfundishi lolote wala hayamponyi. Kinyume chake, humzuia asipumue vema, asilale, asiamke kutembea. Kwa hiyo kukataa dawa ya kutuliza ili aonekane shujaa ni kuikataa pia ile kazi ya kuamka tuliyoitaja. Wako Wakristo wema wanaodhani kwamba imani inawadai wakatae. Hasha! Papa Pius XII aliulizwa swali hilo na madaktari wa dawa za usingizi, akalijibu tarehe 24 Februari 1957. Alifundisha kwamba mtu aweza kwa hiari yake kupokea mateso kwa nia njema, lakini kwa kawaida halazimiki kukataa dawa ya kuyatuliza. Tena alikiri kwamba maumivu makali yaweza kumpunguzia mtu nguvu za roho badala ya kumwongezea. Twaweza kukumbuka pia kwamba Bwana wetu mwenyewe hakuficha kiu yake msalabani, na kwamba bustanini aliomba kikombe kimwepuke kabla ya kukubali kukinywa.

Hata hivyo kipimo ni lazima. Dawa kali za jamii ya mofini huyapoza maumivu vizuri, lakini huuchelewesha utumbo kuamka na huleta ugumu wa choo. Ndiyo sababu madaktari huzichanganya na dawa nyingine nyepesi, na huzipunguza kadiri siku zipitavyo. Basi mgonjwa asizikatae kwa kiburi, wala asizidai kwa pupa, wala asinunue nyingine kando bila daktari kujua. Aseme kweli: maumivu yako wapi, ni makali kiasi gani, yameanza lini, yanazidi au yanapungua. Maneno hayo machache ndiyo taa ya daktari. Mgonjwa asiyeyatoa humwacha mganga wake akipapasa gizani.

Namna ya tatu ni yale ya kutangazwa, na hapa twawaomba wasomaji wasome polepole. Utumbo ulioshonwa waweza kuvuja. Jambo hilo, likitokea, mara nyingi hujionyesha katika juma la kwanza, au baadaye kidogo. Maumivu yaliyokuwa yakipungua huanza kuzidi, tumbo huvimba na kuwa gumu, homa hupanda, moyo hupiga mbio, mgonjwa hutapika, au hutweta, au huchanganyikiwa. Mshono nao ukiwa mwekundu, wa moto, wenye kutoa usaha au maji mengi, hiyo nayo ni habari ya kupelekwa mara moja. Na hata baada ya miezi au miaka, makovu ya ndani yaweza kuushika utumbo na kuuziba: tumbo likivimba, likisokota, mtu akitapika na hatoi upepo wala choo, asingoje kupambazuka. Katika hali kama hizo kuvumilia si fadhila hata kidogo. Mlinzi aonaye moto akanyamaza asiwasumbue waliolala hasifiwi kwa upole wake. Wahenga walisema kwamba mficha ugonjwa kifo humwumbua. Nasi hatuoni mahali methali hiyo inapofaa zaidi kuliko hapa.

Lakini, ndugu wasomaji, mbona watu wenye akili huficha? Sababu ya kwanza ni haya, nasi haifai kuicheka. Baada ya kupasuliwa, habari njema inayongojwa na daktari ni mgonjwa kutoa upepo. Ni dalili kwamba utumbo umeamka. Wauguzi wetu huuliza waziwazi: "Baba, umejamba?" Fikirini sasa yule baba wa Songwa, mtu wa heshima barazani, akiulizwa hivyo na binti mwenye umri wa mjukuu wake, huku mke wa mwanawe amesimama pembeni na bakuli la uji! Kwetu mkwe haangaliwi usoni ovyo, seuze kusikia jambo hilo. Baba anageuza uso ukutani na kusema, "Bado," ingawa imekwisha kuwa. Au anasema, "Ndiyo," ili maswali yaishe, ingawa haijawa. Majibu yote mawili yaweza kumdhuru: la kwanza laweza kumwacha na njaa bure, la pili laweza kumfanya alishwe kabla ya wakati.

Twasema nini basi? Je, adabu iachwe? Hapana. Adabu ni nguo ya utu, na mgonjwa asivuliwe kwa sababu tu ni mgonjwa. Lakini nguo huvuliwa mbele ya daktari pasipo aibu, na neno nalo livuliwe hivyo hivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wauguzi nao wasaidie: wavute pazia, washushe sauti, wamwombe mkwe atoke kidogo. Na jamaa wachague vema nani atamwuguza. Baba na akae na kaka yake au mwanawe wa kiume. Mama na akae na dada yake au binti yake. Hilo halina gharama yoyote, nalo lafungua kinywa kuliko mahubiri marefu.

Haya huzidi kwa yule ambaye daktari amelazimika kuutoa mwisho wa utumbo nje kwa tundu la tumboni, na choo chake kikatoka humo na kuingia mfukoni. Mara nyingi ni kwa muda tu, mpaka utumbo wa chini upone, ndipo apasuliwe tena kurudishwa. Kwa wengine ni kwa maisha. Tundu lenyewe huwa jekundu na lenye unyevu, wala haliumi likiguswa. Ngozi iliyolizunguka ndiyo itakayo uangalizi: ioshwe kwa maji, ikaushwe, na mfuko ukae sawasawa ili choo kisiichome. Mtu wa namna hiyo aweza kula, kusafiri, kufanya kazi na kukaa kanisani. Lakini wengi hujifungia ndani wakidhani wamekuwa najisi. Tuwakumbushe kwamba Papa Yohane Paulo II, alipopigwa risasi tumboni tarehe 13 Mei 1981, alipasuliwa kwa saa zaidi ya tano, na kwa majuma kadhaa aliishi na tundu kama hilo mpaka madaktari walipolifunga tarehe 5 Agosti mwaka huo huo. Ni huyo huyo aliyekuja kwetu Tanzania Septemba 1990, watu wakamlaki kwa maelfu. Heshima yake haikupunguzwa kitu na utumbo wake. Basi kwa nini heshima ya mjomba au shangazi ipunguzwe?

Sababu ya pili ya kuficha ni ngumu zaidi, kwa kuwa hutoka katika upendo. Mgonjwa anajua kwamba mkewe analala chini karibu na wodi kwa juma la pili. Anajua kwamba ng'ombe mmoja amekwisha kuuzwa, na mwingine ametajwa. Anajua mvua zimeanza na jembe limeegemezwa ukutani. Usiku tumbo lamwuma upya, lakini asubuhi anamwambia daktari, "Nimepona, niruhusuni niende." Nia yake ni kuwapunguzia watoto mzigo. Je, tumlaumu?

Nia yake twaisifu, tendo lake hatuwezi kulisifu. Mtu afichaye maumivu ili kuokoa ng'ombe mmoja aweza kurudishwa baada ya siku tatu katika hali ya kugharimu ng'ombe wanne, au asirudishwe kabisa, akawaachia watoto deni pamoja na msiba. Zaidi ya hayo, mwili wake si mali yake peke yake. Ni wa mkewe, wa wanawe, wa wale wanaomtegemea. Naye hana haki ya kuuweka hatarini bila wao kujua. Upendo wa kweli huweka mambo mezani: "Maumivu yamerudi, nanyi mmechoka, tufanyeje?" Mara nyingi jibu hupatikana. Jamaa hupokezana zamu, jirani hulima kipande, jumuiya hutoa nauli. Yohane Paulo II, katika barua yake ya tarehe 11 Februari 1984 juu ya maana ya mateso, alimkumbuka yule Msamaria mwema, akaonyesha kwamba mateso ya mmoja huamsha upendo wa wengine. Lakini Msamaria hawezi kumfunga majeraha mtu asemaye hana jeraha. Afichaye maumivu huwanyima wenzake nafasi ya kupenda.

Jambo hili lawahusu pia waliobaki nyumbani. Ikiwa mgonjwa huficha kwa sababu anaogopa nyuso zetu, basi kuna kazi ya kufanya katika nyuso zetu. Mwana anayehesabu fedha kwa sauti kando ya kitanda, ndugu anayesema "fulani alipasuliwa akarudi shambani siku ya kumi," mama mkwe anayeuliza kila siku lini binti ataanza kuteka maji, hao wote humfundisha mgonjwa kusema uongo.

Na hapo twafika kwenye safari ya mwisho ya kupona, ile ya nyumbani, ambayo hakuna mwuguzi wa kuisimamia. Ngozi hufunga kwa juma moja au mawili, na mtu huona kovu limekauka akadhani kazi imekwisha. Lakini ukuta wa nyama ulioshonwa chini yake huchukua majuma mengi kupata nguvu. Kwa hiyo madaktari huagiza mgonjwa asibebe mzigo mzito kwa majuma 6 au zaidi. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 za maji tupu; gunia la pamba, jiwe la machimboni, mchi wa kutwangia na jembe la kulimia tuta, vyote ni adui wa mshono. Mtu akivibeba mapema, ukuta waweza kuachia, utumbo ukasukuma nje, na ngiri ya kovu ikatokea. Hata Papa Fransisko, aliyekatwa sehemu ya utumbo mpana tarehe 4 Julai 2021, ilimbidi arudi kupasuliwa tarehe 7 Juni 2023 kwa ngiri ya namna hiyo penye makovu ya zamani. Ikiwa yeye, mwenye wauguzi wa kumtunza, alipatwa, itakuwaje kwa mama arudishwaye kisimani juma la pili?

Chakula nacho kirudi kwa utaratibu: kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kikitafunwa vema, pamoja na maji safi yaliyochemshwa. Michembe, maharage na mboga ngumu ni vyakula vyema vya nchi yetu, lakini vingoje ruhusa. Choo chaweza kuwa chepesi au cha kubadilikabadilika kwa majuma kadhaa baada ya kukatwa utumbo mpana, na uchovu waweza kumshika mtu mchana bila sababu aionayo. Siku moja ataamka mwepesi, kesho yake mzito. Asikate tamaa, wala asiitwe mvivu.

Basi tufupishe. Baba au mama wa nyumba akirudi kutoka hospitalini ameshika tumbo, tusimpime ushujaa wake kwa ukimya wake. Tumwulize kwa faragha, na tumngoje amalize jibu. Akisema, "Mhola duhu," tupokee amani hiyo kwa shukrani, kisha tuketi karibu naye na kuuliza tena, pole pole: "Na tumbo je?" Pengine jibu la swali hilo la pili ndilo litakalomwokoa.